Tulipompita Babu wa Njia Panda

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka Masasi kwenda Newala, juu ya lami iliyonyooka kama kanga iliyopigwa pasi. Kijana aliyenichukua aliendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika simu, na mimi nyuma nikawa nimeshika kila kitu kinachoshikika, pamoja na dini yangu yote. Njiani tukampita bibi mmoja aliyejitwika kuni. Kijana akabonyeza honi, pi, akasema "Shikamoo" bila kugeuza shingo, na kabla yule bibi hajafungua mdomo sisi tulikuwa tumeshahamia wilaya nyingine.

Nikamwambia apunguze mwendo. Akadhani naogopa, akacheka. "Tulia mama, hii mashine inaijua njia yenyewe."

Sikuwa naogopa. Nilikuwa nimemkumbuka mjomba wangu, na siku moja ya kiangazi ambayo tangu utotoni sijapata kuisimulia mpaka mwisho. Leo nitajaribu, maana wewe ni msikilizaji mzuri, huwezi kunikatiza.

Unaikumbuka miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yalijaa sabuni za kunukia, redio za plastiki na mitumba ya kila taifa, na wakati huohuo watu waliokuwa kazini tangu dunia iumbwe wakaitwa ofisini na kuambiwa wapumzike. Mjomba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha korosho. Kiwanda kikafungwa. Wenzake wengine walirudi kulima, wengine walifungua genge la nyanya. Mjomba alichukua kiinua mgongo chake, akaenda kununua pikipiki kuukuu iliyoachwa na mradi fulani uliokwisha. Ilikuwa nyekundu zamani za kale. Alipoifikisha nyumbani tuliisikia nusu saa kabla haijatokea, na kuku wa mtaa mzima walikaa siku tatu bila kutaga.

Wazee wetu hawakusema pikipiki. Walisema tukutuku, na neno lenyewe linajieleza.

Basi wenye tukutuku Masasi wakajuana, kama wanavyojuana watu wenye maradhi ya aina moja, wakaunda chama. Hawakufika kumi. Mwenyekiti alikuwa mjomba. Kulikuwa na katekista wa Lukuledi, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye alikuwa akiimba nyimbo za kanisani huku anaendesha, akishindana na injini, na mara nyingi injini ndiyo iliyosalimu amri. Kulikuwa na bwana shamba, Mngoni wa Songea, aliyeletwa kwetu kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye mikorosho. Wangoni ni watani zetu sisi Wamakonde, kwa hiyo yeye na mjomba hawakuwahi kusalimiana kama watu wenye akili timamu.

"Babu zako walikuja huku na mikuki," mjomba humwambia, "wewe umekuja na unga wa salfa. Mnapungua nguvu."

"Tumeona mikuki tunaipoteza bure," bwana shamba hujibu. "Watu wenyewe mnakimbia kabla hatujarusha."

Sare yao ilikuwa makoti ya mtumba, yale mazito yenye manyoya shingoni, yaliyoshonwa kwa ajili ya nchi zenye theluji. Katika jua la Masasi! Walitokwa jasho la kutosha kuotesha mpunga, lakini hakuna aliyevua, kwa sababu koti ndilo lililomtofautisha mwanachama na mtu tu mwenye pikipiki. Mara moja moja, siku ya mapumziko, walifunga safari ya siku nzima kwenye vijia vya mashambani, kupanda uwanda wa juu, kuzunguka vijijini na kurudi jua likizama. Kila mmoja alifunga nyuma dumu la maji ya kisima kwa ajili ya mwenyeji atakayewapokea, maana kule juu, kama hujapata kukaa, ujue maji ni mgeni wa heshima. Na mimi nilikuwa sichezi mbali. Kwetu mtoto ni wa mjomba, baba ni mgeni anayeheshimiwa, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kiti cha nyuma kwa sheria za mila, na niliidai.

Sheria ya chama ilikuwa moja tu, na aliyeitunga ni bibi yangu wa Chilangala, mama yake mjomba, bila kujua kwamba anatunga sheria.

Siku ya kwanza mjomba alipompelekea ile tukutuku, alisimama uani, injini inanguruma, akasema, "Shikamoo mama." Bibi aliendelea kupepeta. Akarudia. Bibi akainua macho taratibu.

"Anayenisalimu nani? Wewe, au hilo linalonguruma?"

Mjomba akazima.

"Haya sasa. Marahaba. Nimezaa ntoto nkubwa mzima, kapewa fedha yake ya uzee, kaenda kununua kelele."

Tangu hapo ikawa sheria: ukimkuta mtu mzima njiani, unasimama, unazima injini, unashuka, unasalimia. Nawe wajua salamu za kwetu hazina haraka. Utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mikorosho, za mikorosho ya jirani. Na jambo kubwa zaidi, kwetu habari mbaya haitangulii. Unaanza kwa salama, unazungushwa kwenye salama zote, halafu mwisho kabisa, mtu amekwisha shusha pumzi, ndipo linakuja "ila". Nilimsikia kwa masikio yangu jirani yetu mmoja akijibu kwamba kwake salama, watoto salama, mbuzi salama kabisa, ila nyumba imeungua. Anayeondoka kabla ya ila ameondoka na nusu ya habari, tena nusu isiyo na kazi.

Kwa hiyo safari zile zilikuwa safari za kusimama. Na pikipiki zile, ukishazizima, kuziwasha ni ibada. Zinasukumwa kwenye mchanga wa uwanda wa juu, ule unaomeza mguu mpaka kwenye goti, wanaume wazima ndani ya makoti ya theluji wakisukuma na kutukana kwa Kimakonde, Kimakua na Kingoni, katekista akiomba msamaha kwa niaba ya wote. Ziwake, muende kidogo, mara mbele yenu huyo, mzee na jembe lake. Zima.

Bibi hakutaka kabisa kupanda tukutuku. Mjomba alimbembeleza msimu baada ya msimu. Alimwambia atampeleka kliniki, akakataa. Alimwambia atampeleka arusini, akasema atatembea. Katika maisha yake bibi alikuwa na jambo moja tu lililomkaa moyoni. Yeye alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, akavuka akiwa mwari kwa kuolewa, na dada yake mkubwa alibaki kule. Vita vilipokuja, habari zikakatika. Vita vilipokwisha, watu wakaanza kurudi, na bibi akaanza kumuuliza kila mpita njia kama amemwona mwanamke mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu na jicho moja lenye ukungu. Hakuna aliyemwona. Lakini ukifika Newala, ukasimama pale ukingoni ambapo nchi inakatika ghafla kama mkate, unaona bonde lote, mto, na ng'ambo ya pili. Kiangazi unaona na moshi wa mashamba yanayochomwa. Bibi alisema yeye akifika pale atajua moshi wa kwao ni upi. Miguu ilikuwa imekwisha, na Newala kutoka Chilangala si mwendo wa mtu mwenye miguu iliyokwisha.

Kiangazi kile, korosho zikianza kuanguka, bibi akatuma neno kwa mchuuzi wa ming'oko, vile viazi vya porini: "Mwambieni nwanangu aje na hiyo kelele yake. Nitapanda. Anipeleke ukingoni."

Sijawahi kumwona mjomba akiwa na furaha vile. Aliiosha tukutuku kama anaiogesha maiti, Mungu anisamehe mfano. Akashonea kiti cha nyuma mto wa sufi, akamzuia mama yangu kuukalia hata kwa kujaribu. Chama kizima kikasema hawezi kwenda peke yake, mama wa mwenyekiti ni mama wa chama. Ikapangwa: kwenda, nikae mimi kwenye mto wa sufi, tukifika, bibi achukue mto, mimi nihamie kwa katekista na nyimbo zake.

Tuliondoka alfajiri na ming'oko ya kuchemsha kwenye kikapu. Tulipanda mlima, tukaingia vijia vya mikoroshoni ambako matawi yanakupiga kofi la uso na mabibo yaliyopasuka yananukia pombe kabla hayajawa pombe. Nyuki walitusindikiza. Tulizima kwa mzee wa kwanza, kwa wa pili, kwa akina mama wawili waliokuwa wakiokota korosho wakatupa mabibo tukanyonya mpaka makoti yakapata madoa ya maisha. Bwana shamba alisema kwa mwendo huu babu zake ndio kwanza wangekuwa wanafika Masasi leo. Mjomba alicheka sana. Hakuwa na haraka. Mtu anayekwenda kumchukua mama yake akamwonyeshe kwao, ana haraka ya nini?

Kwenye kijiji cha Mnyambe tulizima kwa mama mmoja mtu mzima, mwuza vitumbua, aliyetufahamu. Shikamoo, marahaba. Salama ya nyumbani, salama ya watoto, salama ya mikorosho. Mjomba alikuwa ameshaanza kugeuka. Yule mama akarekebisha kilemba chake.

"Ila wanasema mama yako tangu juzi hali chakula. Homa."

Nikaona uso wa mjomba unafungwa kama duka.

Tulisukuma, zikawaka. Akawageukia wenzake, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, leo adabu itusamehe." Hakuna aliyebisha. Tukaondoka kwa mwendo ambao sikuwa nimewahi kuuona, nami nimemkumbatia mjomba kiuno, uso wangu umezama kwenye manyoya ya koti, nikihesabu mapigo ya moyo wake, si kwa kutaka, yalikuwa yananigonga shavu.

Mbele kuna njia panda. Mkono mmoja unakwenda Chilangala, mkono wa pili unakwenda Newala mjini. Pale pembeni, chini ya mikorosho, alisimama babu mmoja na fimbo yake, kanzu imekunjwa mpaka magotini. Alipotuona akainua mkono. Kila mzee aliyetuona siku ile aliinua mkono. Mjomba alipunguza kidogo, hakuzima.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba mwanangu, salama..."

Mengine yalibaki kwenye vumbi letu. Katekista alisimulia baadaye kwamba yeye aliyekuwa wa mwisho alimwona yule babu amejitokeza katikati ya njia, akipunga fimbo, akadhani anatukemea kwa utovu wa adabu. Akaona haya, akaongeza moto.

Chilangala tulikuta mlango wa bibi umefungwa kwa kamba. Ungo umeegemezwa ukutani. Jirani, mama mwenye mtoto mgongoni, alitoka mbio, akasimama, akashika kichwa.

"Hamkumkuta babu njia panda?"

Mjomba akageuka kutazama njia tuliyotoka.

"Tumemsimamisha pale tangu alfajiri. Mama tumempeleka Newala hospitali kwa machela, usiku hakulala. Tukasema mkifika pale babu awageuze, msije mkapoteza safari bure. Mama alikuwa anawataja. Alikuwa anasema leo anapanda."

Mtu angedhani mjomba atapiga kelele. Alikaa chini kwenye mchanga, kama mtu aliyeambiwa akae. Katekista, kwa kutojua mikono yake aifanyie nini, alifungua dumu, akaanza kumimina maji kwenye mtungi wa bibi uliokuwa uani, akamimina mpaka ukafurika, na kule maji hayafurishwi. Jirani hakumkataza. Bwana shamba ndiye aliyemwinua mjomba kwa kwapa. "Inuka wewe. Kilio cha Mmakonde kinaanza kabla ya msiba." Mjomba akainuka.

Kutoka Chilangala kwenda Newala hatukumpita mtu, au tuliwapita wote. Siwezi kusema. Njia panda yule babu hakuwepo tena. Tulimwona mbele, anatembea kwa fimbo kuelekea Newala, mgongo umeinama, ameanza kuja mwenyewe kwa miguu. Safari hii mjomba alisimama. Alizima. Akashuka, akapiga goti moja.

"Panda, babu."

Babu alimtazama. "Ulinisalimu vizuri, mwanangu," akasema. "Hukungoja tu."

Akapandishwa nyuma ya bwana shamba.

Bibi alikuwa amefariki tulipofika. Muda si mrefu. Shuka lilikuwa bado halijalala sawasawa juu yake. Muuguzi, mama wa makamo, alitusimulia akiwa ameshika mkono wa mjomba na mikono yake yote miwili. Karibu na hospitali kulikuwa na mashine ya kusaga. Kila ilipowashwa, bibi alifungua macho na kusema, "Nwanangu huyo." Wakamwambia hapana bibi, ni mashine. Baadaye wakaacha kumwambia hapana.

Ikaja shida ya kumrudisha. Bibi alikuwa Mwislamu, alitakiwa kuzikwa Chilangala siku ileile. Gari halikupatikana, na machela ingefika usiku. Wanaume walisimama nje kwenye kivuli, wanazungumza kwa kunong'ona, hakuna anayetaka kusema lile ambalo kila mmoja analifikiria. Jambo kama hilo ndugu hawezi kulisema. Ndiyo maana watu wa zamani walituachia watani.

Bwana shamba akavua koti lake. Akaingia ndani, akasimama kando ya kitanda, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mtu aliye macho.

"Bibi wewe ni mwongo. Umetutoa Masasi na makoti haya, umesema utapanda, sasa umelala. Mimi Mngoni, siachi deni la Mmakonde. Utapanda."

Mjomba alicheka. Nakuambia kweli, alicheka, na kicheko kikageuka humohumo mdomoni kikawa kilio, cha kwanza tangu asubuhi. Utani una kazi hiyo.

Bwana shamba ndiye aliyemfunga. Walimviringisha kwenye shuka, juu yake kanga zake, wakamketisha kwenye mto wa sufi nyuma ya mwanawe, wakamfunga naye kwa kanga mbili za muuguzi, kifua kwa mgongo. Bwana shamba akaiacha pikipiki yake hospitali, babu akahamia kwa mwanachama mwingine, naye akapanda nyuma kumshikilia. "Bibi, shika mtoto wako. Usije ukaenda kusema huko ahera Wangoni wamekuangusha." Mimi nilikuwa nyuma ya katekista. Hakuimba.

Kwenda Chilangala njia ni upande mwingine. Mjomba akakata kushoto, kuelekea ukingoni. Wote tukamfuata. Tulifika pale nchi inapokatika, akazima. Mmoja baada ya mwingine wakazima, mpaka ikasikika upepo ukipanda kutoka bondeni. Mto ulikuwa mwembamba, unang'aa kama wembe. Ng'ambo kulikuwa na moshi sehemu nyingi, mwingine mnene, mwingine kama uzi. Mjomba hakushuka, hangeweza kushuka, mama yake alikuwa amefungwa mgongoni kwake. Aligeuza tukutuku kwa miguu, kidogo kidogo, ili yeye atazame pembeni na uso wa mama yake, uliolalia bega lake, uelekee bonde. Tukakaa hivyo. Kisha tukasukuma. Nami nilisukuma. Babu wa njia panda pia alisukuma, kwa fimbo.

Tulimzika jua likiwa bado lipo.

Mjomba hakuipanda tena ile pikipiki. Aliisimamisha chumbani, akaifunika, kuku wakaja kuhamia. Chama hakikuvunjwa, kilinyauka. Bwana shamba alirudishwa Songea. Katekista aliuza yake kwa mnunuzi wa korosho mwenye haraka. Mjomba alizeeka kwa miguu. Mgeni akija akamwambia huko atokako ni salama, mjomba alibaki akimtazama mdomo, akingoja ila, mpaka watu wakaanza kusema mzee amekuwa kiziwi, wakawa wanapaza sauti. Alisikia vizuri tu. Mimi nilikaa naye mpaka mwisho, na jina langu alilisikia hata nilipolinong'ona.

Njia zile za mchanga zimebaki chache. Makoti yale yalikwenda kuwa matandiko ya mbwa. Wale wazee waliokuwa na siku nzima ya kukujibu wamekwisha, na sisi tuliobaki, nami nikiwemo, tunajibu "poa" huku tunatembea. Silaumu, lami haikuumbwa kwa kusimama.

Nilipofika Newala mwezi uliopita nilimlipa yule kijana, nikaenda ukingoni na wajukuu wa dada yangu, watoto wa mjini wenye maswali mengi kuliko nywele. Wakaniuliza tunatazama nini. Nikawaonyesha Ruvuma. Nikawaonyesha ng'ambo, na moshi. Mdogo akauliza moshi ule ni wa nani.

Hakuna aliyewahi kutuambia hata jina la yule dada wa bibi. Bibi alimwita dada, sisi tulimwita wa ng'ambo, na mtu pekee aliyeweza kutazama moshi ule akatujibu tulimleta pale mahali akiwa amekwisha fumba macho.